Mama anakuja Lijiang: je, atauona mlima ndani ya maji?

"Shikamoo mwalimu. Nasoma Kunming, mwaka wa pili. Mwezi wa nne mama yangu anakuja kunitembelea pamoja na mdogo wangu wa kiume, wanatokea Tanga. Mama ameona picha moja kwenye simu: bwawa, daraja jeupe la matao, jengo la Kichina lenye mapaa yaliyopinda ncha, na mlima wa theluji umelala ndani ya maji. Nikaambiwa ni bustani ya Bwawa la Joka Jeusi, Lijiang. Tangu hapo mama hasikii la mtu. Lakini wenzangu chuoni wanasema bwawa limekauka, majengo yamejengwa juzi tu baada ya tetemeko ili kuvuta watalii, na Wanaxi, kabila la wenyeji wa pale, ni waigizaji wa kulipwa. Mama naye amesikia kwamba huko wanawake hawaolewi, anataka kujua kama ni kweli. Niwapeleke, au nitatupa pesa? Halafu kuna suala la mwinuko. Mama ana miaka 61 na anatumia dawa za presha, na mdogo wangu ana selimundu, ingawa hajalazwa kwa muda mrefu."

Marahaba, mdogo wangu. Nitayajibu yote, ila naanza na lile uliloliweka mwisho kama nyongeza, kwa sababu ndilo linaloamua mengine: selimundu ya mdogo wako.

Lijiang iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo kila pumzi inampa mtu wa Tanga kama robo tatu tu ya oksijeni aliyoizoea kwao pwani. Mwenye afya njema mwili wake hufidia. Atahema haraka kidogo, moyo utakwenda mbio akipanda ngazi, usiku wa kwanza hatalala vizuri, na baada ya siku moja au mbili atakuwa amezoea. Kwa mwenye selimundu ni habari nyingine. Chembe zake nyekundu za damu zikikosa oksijeni ya kutosha hujikunja, hukakamaa, na kunasa kwenye mishipa myembamba. Hapo ndipo yanapoanza yale maumivu makali mnayoyajua nyumbani, na pengine bandama au mapafu yakadhurika. Baridi na kukaukiwa maji mwilini huchochea zaidi, na Lijiang ya mwezi wa nne ina vyote viwili: asubuhi ni za baridi, na hewa ni kavu. Kwamba hajalazwa muda mrefu akiwa Tanga ni jambo la kushukuru, lakini halikuambii mwili wake utafanya nini huko juu.

Mimi ni mtu wa safari na tamaduni za Yunnan, si daktari, na hapa haitoshi kushauriana na mtu wa mtandaoni. Usimkatie tiketi kabla hajaonana ana kwa ana na daktari wa kliniki yake ya selimundu na kumweleza safari yote. Ianze na ndege, maana hewa ya ndani ya ndege ya masafa marefu ni kama ya mtu aliye mlimani, kati ya mita 1,800 na 2,400 hivi, tena kwa saa nyingi mfululizo. Ifuate Kunming unakoishi wewe, ambayo nayo iko karibu mita 1,900. Kisha Lijiang. Daktari aambiwe hatua zote tatu, si ya mwisho peke yake. Na hakikisheni kama kijana ni mgonjwa wa selimundu au ni mbebaji wa kinasaba kimoja tu, kwa sababu familia nyingi huchanganya mambo haya mawili. Wabebaji wengi hawapati shida kwenye mwinuko wa Lijiang, japo kupanda milima mirefu zaidi bado kuna hatari kwa bandama zao.

Daktari akikataa Lijiang, lipokeeni neno lake bila kubishana. Akiruhusu Kunming, kijana atabaki nawe huko na hatakosa cha kuona. Kando ya ziwa Dianchi kuna Kijiji cha Makabila ya Yunnan, chenye eneo la Wanaxi lililojengwa kwa mtindo wao. Mama unaweza kumpeleka Lijiang kwa siku mbili, kijana akabaki na rafiki yako unayemwamini.

Presha ya mama hainitii hofu kama hiyo, mradi iwe imedhibitiwa. Mwinuko huweza kuipandisha kidogo siku za kwanza. Aende kwa daktari wake kabla ya kusafiri, abebe dawa za kutosha ndani ya mkoba wa mkononi, aje na kipimo chake cha presha, na asiruke dozi kwa sababu ya mabadiliko ya saa. Una bahati ya kuishi Kunming: akipumzika kwako siku tatu au nne kwanza, mwili utakuwa umepanda nusu ya ngazi kabla ya kuifikia Lijiang. Akifika huko na kichwa kikamuuma kidogo, anywe maji, ale kidogo kidogo, apumzike. Lakini maumivu yakizidi, akitapika, akihema hali ameketi, akiyumba anapotembea au akianza kuchanganyikiwa, msingoje kesho. Nendeni hospitali saa hiyohiyo. Namba ya gari la wagonjwa China ni 120.

Kuna jambo moja nakuomba ulikatae waziwazi. Mawakala wengi huuza ziara ya siku moja inayounganisha bustani na gari la kebo la kupanda Yulong, ule mlima wa theluji wa kwenye picha ya mama. Kebo ile kubwa inamfikisha mtu mita 4,506, ambako oksijeni ni zaidi kidogo ya nusu ya ile ya Tanga, na inamfikisha kwa dakika chache, mwili haujapata nafasi ya kujiandaa. Pale chini watawauzia makopo ya oksijeni. Kopo linatuliza kwa dakika kadhaa tu, kisha tatizo liko palepale. Kwa mama wa miaka 61 mwenye presha, na kwa kijana mwenye selimundu, mlima ule utazamwe kutoka bustanini. Na kusema kweli, bustanini ndiko unakopendeza zaidi.

Sasa tuje kwenye maji. Wenzako hawakudanganya, ila wamekupa nusu ya habari. Bwawa hukauka kweli. Yunnan ilipigwa na ukame mkali kuanzia mwisho wa 2009, miaka ikafuatana bila mvua za kutosha, na kuna vipindi ambapo waliofika na ile picha mfukoni walikuta udongo uliopasuka, daraja likiwa limesimama juu ya ardhi tupu. Ukielewa kwa nini, utajua pia lini uende.

Bwawa la Joka Jeusi, Heilongtan kwa Kichina, halijazwi na mto. Ni chemchemi. Liko chini ya kilima kiitwacho Xiangshan, na maji yake yanabubujika kutoka kwenye nyufa za mawe miguuni mwa kilima hicho. Ardhi ya huko ni ya mawe ya chokaa, yaliyojaa mianya na mapango madogo. Mvua inanyesha kwenye vilima na mabonde, inazama, inasafiri chini kwa chini kwa muda mrefu, ndipo itokeze bwawani. Kwa hiyo bwawa halijibu mvua ya jana, linajibu mvua ya msimu, na pengine ya misimu kadhaa iliyopita. Miaka ya ukame ikifuatana, akiba ya chini inashuka kupita mdomo wa chemchemi, na chemchemi inanyamaza. Mvua zikirudi, huchukua muda kabla haijasema tena.

Mvua zenyewe mama anazijua asili yake. Pepo za kusi zinazovuma pwani yetu huvuka ikweta, zikapinda kuelekea Bara Hindi na Ghuba ya Bengali, na unyevu unaotoka upande huo wa bahari ndio unaoinyeshea Yunnan, hasa kati ya mwezi wa sita na wa tisa. Katika miezi hiyo bwawa linaanza kujaa, lakini mlima unajifunika mawingu. Unaweza kukaa siku nne usiuone hata ncha. Kiangazi kikiingia, mwezi wa kumi na moja hadi wa nne, mbingu inafunguka na mlima unaonekana wazi, hasa asubuhi. Ila kadiri kiangazi kinavyosogea ndivyo maji yanavyopungua.

Unaona sasa picha ya mama inavyotaka vitu viwili ambavyo misimu imevitenganisha. Vinakutana kwa kipindi kifupi, mwisho wa mwezi wa kumi na wa kumi na moja wote, mvua zikiwa zimeshajaza akiba ya chini na mawingu yameshaondoka. Mwezi wa nne ni karibu kinyume chake. Ni mwisho wa kiangazi, kina cha maji kiko chini, na mwaka mbaya bwawa linaweza kuwa tupu. Kama tarehe zinaweza kusogezwa, zisogeze, ila epuka siku saba za mwanzo wa mwezi wa kumi, kwa sababu China nzima iko likizo na mtasukumana hata kwenye daraja. Kama haziwezi, usifute safari. Tafuta picha zilizopigwa wiki hiyohiyo na watu walioko pale, katika programu za Kichina unazotumia kila siku, umwonyeshe mama hali ilivyo kabla hajapanda treni. Mtu aliyeambiwa ukweli mapema hufurahia anachokikuta.

Na angalia ramani ya simu vizuri. Kunming nayo ina bustani iitwayo Heilongtan, yenye hekalu la Kidao na miti ya kale, nje kidogo ya mji. Ni nzuri, lakini haina mlima wa theluji. Andika jina la Lijiang mbele yake, usije ukampeleka mama kwenye Joka Jeusi lisilo lake.

Kuhusu majengo, wenzako wamekosea zaidi. Hekalu la joka wa chemchemi lilijengwa hapo mwaka 1737, enzi ya mfalme Qianlong, na bustani imekua kulizunguka. Jengo la ghorofa tatu lililo majini kwenye picha ya mama ni Deyue Lou. Lile la kwanza lilijengwa karne ya 19, likaungua 1950, na hili la sasa lilijengwa upya 1963. Ukipita karibu nalo utaona maandishi ya mshairi Guo Moruo, beti mbili zinazosifu vilele 13 vya Yulong vikijitazama bwawani. Kwa hiyo ni kweli Deyue Lou si la kale sana, lakini halina uhusiano na tetemeko.

Lililo la kale kwelikweli watalii wengi hulipita bila kugeuza shingo. Linaitwa Wufeng Lou, limesimama upande wa kaskazini wa bustani. Lilijengwa 1601, enzi ya ukoo wa Ming, katika hekalu la Fuguo huko Baisha, kaskazini ya mji wa Lijiang, kisha miaka ya 1970 likafunguliwa nguzo kwa nguzo, boriti kwa boriti, likahamishiwa hapa. Lina mapaa ya tabaka tatu, kila tabaka pembe nane zilizopinda kuelekea juu, jumla pembe 24. Simama upande wowote utahesabu ncha tano zinazojitokeza kama ndege watano wanaotaka kuruka, na ndiyo maana likaitwa la feniksi watano. Mpe mama nusu saa hapo. Aingie ndani, atazame juu, aone jinsi mbao zilivyoshikana kwa ulimi na tundu.

Ushikanaji huo ndio ulioiokoa sehemu kubwa ya Lijiang. Tetemeko la tarehe 3 Februari 1996, lenye ukubwa wa karibu 7, liliua watu zaidi ya 300 katika eneo hilo. Majengo mengi ya zege yalianguka. Nyumba za jadi za Wanaxi zilipoteza kuta za udongo, lakini fremu zake nyingi za mbao zilibaki zimesimama, kwa kuwa mzigo wa paa umebebwa na nguzo na kiungo cha ulimi na tundu hucheza kidogo bila kuvunjika. Wachina wana msemo wa zamani kwamba ukuta huanguka nyumba ikabaki. Kilichofuata ni ukarabati mkubwa, na mwaka uliofuata, 1997, mji mkongwe wa Lijiang ukaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Maduka ya zawadi yamejaa humo, hilo sibishi, na kelele za baa usiku zinaniudhi mno. Lakini anayesema mji wote umejengwa kwa ajili ya watalii hajainua macho kutazama mapaa. Mwambie mama atafute kwenye ncha ya paa la nyumba za jadi, pale miteremko miwili inapokutana, kibao cha mbao kinachoning'inia chenye umbo la samaki. Samaki ni kiumbe wa maji, na nyumba ya mbao huogopa moto.

Ukifika hapo umeshaingia kwenye mambo ya Wanaxi bila kujua, maana kwao maji ndiyo mwanzo wa mazungumzo. Masimulizi ya dini yao, Dongba, yanasema binadamu na Shu, roho mwenye mamlaka juu ya chemchemi, misitu na wanyama wa porini, walizaliwa na baba mmoja na mama tofauti. Wakagawana urithi: binadamu akachukua mashamba na mifugo, Shu akachukua pori na maji. Binadamu akavuka mpaka, akakata miti na kuchafua chemchemi, ugomvi ukazuka, mpaka wakasuluhishwa kwa mapatano kwamba binadamu atachukua kwa kiasi cha haja yake na kutoa sadaka. Sadaka za Shu zilifanywa kando ya chemchemi, na Heilongtan ni chemchemi mama ya mji. Maji yake hutoka bustanini, yanashuka kwa mto Yuhe, yanagawanyika mikono mitatu na kupita mlangoni mwa nyumba za mji mkongwe. Humo mjini kuna visima vya mashimo matatu yanayopokezana. La kwanza ni la maji ya kunywa, la pili la kuoshea mboga, la tatu la kufulia nguo, na hakuna mwenyeji anayevunja utaratibu huo. Mama yako akikiona kisima kimoja tu cha namna hiyo kikitumika, ameuona utamaduni wa Wanaxi bila jukwaa wala tiketi.

Waigizaji wapo, katika maonyesho ya kulipia, na hakuna ubaya kuyaona ukijua ni maonyesho. Ila wazee utakaowakuta bustanini na kwenye uwanja wa Sifang, katikati ya mji mkongwe, wakicheza ngoma ya duara, wengi ni wakazi, wanakuja kuchangamsha viungo na kuonana. Wanawake wazee wa Kinaxi huvaa mgongoni ngozi ya kondoo, iliyofungwa kwa mikanda inayokatizana kifuani, na chini ya mabega imepangwa miduara saba iliyodariziwa, wanayoiita nyota. Ni vazi la kazi kwanza: linakinga mgongo na baridi na lilizuia kapu zito lisiwachubue. Mama akitaka picha nao, aombe kwa ishara na tabasamu, asubiri wakubali. Akitoka hapo ayapeleke macho yake kwenye makumbusho ya utamaduni wa Dongba karibu na lango la kaskazini, kuna vitabu vyembamba virefu vya karatasi ya magome, vyenye maandishi ya picha. Makuhani wa Dongba huvitumia kama kumbukumbu wanapoghani ibada, na maandiko hayo yaliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003. Yale maneno ya picha juu ya milango ya maduka mengi ni pambo tu.

Na la ndoa mwambie hivi: Wanaxi wa Lijiang huoana, na ukoo hufuata baba. Alichosikia ni habari za Wamosuo wa ziwa Lugu, mwendo wa saa kadhaa kwa gari, ambao ukoo wao hufuata mama na mwanamume humtembelea mwenzake usiku na kurudi kwao asubuhi. Serikali huko Yunnan huwahesabu Wamosuo ndani ya Wanaxi, na hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia. Wanawake wa Kinaxi wanasifika kwa jambo lingine, kubeba biashara na kilimo cha familia mabegani mwao. Mama wa Tanga atawaelewa upesi.

Siku yenyewe ipange hivi. Treni ya kasi kutoka Kunming huchukua kama saa tatu hadi tatu na nusu. Bebeni pasipoti, bila hiyo hampandi wala hampati chumba. Siku ya kufika msifanye kitu zaidi ya matembezi mafupi. Kesho yake amkeni mapema, mvae nguo nzito, mfuate mto Yuhe kinyume na mkondo kutoka kwenye magurudumu makubwa ya maji upande wa kaskazini wa mji mkongwe. Ni mwendo wa dakika 20 hivi wa taratibu, njia tambarare. Mlima uko kaskazini, kwa hiyo simameni ukingo wa kusini wa bwawa mkiutazama, kabla upepo haujaamka kuvuruga maji. Njia ya kupanda kilima cha Xiangshan muiache, ina ngazi nyingi na kali kwa mama. Wageni wamekuwa wakitozwa ada ya kutunza mji mkongwe, zamani yuani 80, baadaye ikashushwa kuwa 50, na bustani imekuwa ikiangalia risiti yake getini. Uliza hotelini usiku wa kuamkia siku hiyo, na mtunze risiti.

Kama mama anakula halali, awe mwangalifu na mkate mnene wa Lijiang uitwao "baba", unaouzwa kila kona. Kwa jadi hupikwa na mafuta ya nguruwe, na wa chumvi mara nyingi huwekwa nyama yake ndani. Mpeleke kwenye migahawa ya Wahui, Waislamu wa China, yenye kibao cha kijani kilichoandikwa qingzhen, yaani halali. Huko atapata supu ya moto ya nyama ya ng'ombe, na baada ya asubuhi ya baridi bustanini hatahitaji kubembelezwa.